Swichi Nyekundu Nyuma ya Kompyuta

Kila alasiri, kengele ya mwisho ilipolia, Mariam Poni hakukimbilia uwanjani pamoja na wenzake. Alipita nyumbani, akachukua chupa ya chai na maandazi, akampelekea baba yake ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya mabati pembeni mwa mji wa Koboko, na kibao cha mlangoni kilieleza kwamba hapo watu walipambana na ugonjwa wa malale. Watoto wa mjini hawakujali sana kibao. Wao waliijua ofisi hiyo kwa sababu ndani yake mlikuwa na kompyuta, na mwaka huo wa 1995 hawakujua nyingine katika Koboko nzima.

Baba yake, Yakubu Lokule, alikuwa karani. Kazi yake ilikuwa kuingiza katika kompyuta majina ya watu waliotolewa damu vijijini ili ipimwe. Kola ya shati lake ilipigwa pasi hata siku za vumbi, na watu walipomwita "Bwana Kompyuta" alijifanya hapendi. Mariam aliruhusiwa kuipangusa mashine vumbi kwa kitambaa, mradi asiguse kitu kingine. Heshima hiyo ilimpandisha bei shuleni, naye hakuificha.

Wakati wa kurudi nyumbani hakwenda mikono mitupu. Karatasi ambazo baba alikwisha kuziingiza kwenye mashine, alimpa azipeleke kwa mama, na mama alizikata vipande vya kufungia maandazi sokoni. Sista Viktoria, muuguzi aliyeongoza ofisi, alikuwa ameagiza karatasi zote zitunzwe kabatini. Lakini kabati lilikuwa limejaa, maandazi yalihitaji karatasi, na Lokule aliamini kwamba jina likishaingia ndani ya kompyuta limefika mahali salama kuliko kabati lolote. Basi wafanyabiashara wa Koboko wakawa wanakula maandazi huku wakisoma majina ya watu wa kijiji cha Kuluba, na hakuna aliyeona ubaya.

Umeme wa ofisi ulitoka kwenye jenereta iliyokaa ndani ya kibanda, nyuma ya nyumba. Mwenye jenereta, kwa maana ya mwenye kuitunza, alikuwa Mzee Constantino. Zamani alikuwa fundi wa jeshi. Mwaka 1979, serikali ilipoangushwa, alikimbilia Zaire kama watu wengi wa huku, akaoa huko, akafiwa na mke huko, na aliporudi Koboko alikuwa na sanduku la spana na binti mmoja. Binti huyo, Betty, ndiye aliyeketi dawati moja na Mariam.

Siku hizo Betty alikuwa amebadilika. Alikuwa akisinzia darasani mchana kweupe, kichwa kimeegemea ukuta, kinywa wazi. Mwalimu alimsimamisha pembeni kama adhabu, naye akalala akiwa amesimama, na darasa zima likacheka. Mariam alimfinya mkono chini ya dawati ili amwamshe kabla mwalimu hajageuka. Jumapili, alipokuwa akimsuka nywele, vidole vyake vilipita juu ya vivimbe vidogo nyuma ya shingo ya Betty. Alimuuliza ni nini. Betty akasema haviumi, kisha akasinzia palepale mkekani, nywele zimesukwa nusu.

Mwezi huo mafuta ya jenereta yalikuwa haba. Magari ya kwenda Arua yalisubiri kwenda kwa msafara pamoja na askari, kwa sababu njia haikuwa shwari, na petroli iliyofika Koboko ilikuwa ya kubembeleza. Lokule alilalamika kila jioni. Alikuwa amekwisha kuingiza majina yote ya Kuluba, lakini bado alitakiwa kuyapanga na kuyatoa kwenye karatasi. Maabara ya Arua ilipima damu kwa namba zilizobandikwa kwenye vichupa, na majibu yalikuwa njiani. Namba ipi ni ya mtu yupi, kompyuta ndiyo iliyojua.

"Hii mashine inakunywa mafuta kama ng'ombe," alisema siku hiyo, akatoka kwenda kibandani kuzungumza na Constantino.

Mariam alibaki na kitambaa chake. Alipokuwa akipangusa upande wa nyuma, akaiona tena ile swichi ndogo nyekundu iliyozama ndani ya kitobo chake, imeandikwa 230. Aliijua kwa siku nyingi. Aliwahi kuchungulia akaona kwamba ukiisukuma upande wa pili kuna namba nyingine, 115. Mariam hakuwa mjinga wa hesabu. Nyumbani, mafuta ya taa yakikaribia kuisha, mama alishusha utambi, moto ukapungua na taa ikadumu. Aliona hapa pia ni hivyohivyo. Ukipunguza namba, mashine itakunywa kidogo, baba atamaliza kazi yake, na atakuja nyumbani akiwa na furaha. Akachomoa kibanio cha nywele, akaisukuma swichi mpaka ikasema 115.

Nje, Constantino alivuta kamba. Jenereta ikakohoa, ikanguruma, na taa ya ofisini ikawaka. Lokule akaingia akipangusa mikono, akaketi, akabonyeza kitufe.

Kulitokea mlio kama wa hindi linalopasuka motoni, ila mkubwa kuliko huo. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kompyuta, na harufu kali ikajaa chumbani. Kioo kilibaki cheusi.

"Zima jenereta," Lokule alipaza sauti. "Zima."

Akatoka mbio. Mariam aliwasikia wakigombana nyuma ya nyumba.

"Umezidisha moto wewe," baba alisema. "Umeua mashine ya watu."

"Mimi sijazidisha kitu," alijibu Constantino. "Angalia sindano ya mita, iko pale pale ya kila siku. Na taa yako ndani iko nzima. Kama moto ilizidi, taa ingekufa kwanza."

"Usinifundishe kazi."

Mariam aliitazama swichi, akautazama mlango. Angeweza kutoka na kusema. Ilikuwa hatua chache tu, na watu wawili waliomjua tangu akiwa mdogo. Badala yake alichukua kibanio, akairudisha swichi pale ilipokuwa, 230, akachomeka kibanio kichwani na kuendelea kupangusa meza isiyokuwa na vumbi.

Sista Viktoria alifika kesho yake kutoka kijijini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na alipokasirika sauti hiyo ilishuka zaidi. Aliomba karatasi za Kuluba.

Lokule akajibu haraka, "Zilichomwa, Sista, pamoja na takataka. Nilikuwa nimekwisha kuziingiza zote."

Mariam, aliyekuwa ameleta chai, aliinamisha macho. Jioni ile alimkuta mama amemwaga kikapu cha karatasi chini na kuzipekua moja moja. Vilikuwa vimebaki vipande vichache vyenye mafuta. Kimoja kilikuwa na nusu ya jina, kingine kilikuwa na namba bila jina. Mama alivikusanya tena, na tangu siku hiyo akaanza kufungia maandazi kwa majani ya migomba.

Sista Viktoria aliwasiliana na Arua kwa redio ya ofisi. Huko kulikuwa na fundi wa kompyuta aliyeitwa Severino. Sauti yake ilitoka katikati ya mikwaruzo, ikauliza kilichotokea.

"Jenereta ilizidisha umeme," alisema Lokule, akiwa wa kwanza kujibu. "Mwendeshaji alizembea."

"Kama jenereta imezidi, inaweza kuwa imeunguza kila kitu mpaka mahali pa kuweka maneno," Severino alijibu. "Leteni gari likipatikana. Mimi niko na kazi nyingi, na hiyo sioni tumaini. Hakuna haraka."

Hakuna haraka. Basi kompyuta ikafunikwa shuka, ikawekwa pembeni kama maiti inayosubiri ndugu. Majibu ya maabara yakafika ndani ya bahasha, namba tupu. Baadhi ya namba zilikuwa zimepigwa mstari mwekundu. Hao walikuwa wagonjwa, na kila mmoja wao alihitaji dawa kabla malale haijapanda kichwani. Sista Viktoria aliitazama ile mistari, akasema kwamba damu ya watu wa Kuluba aliipata kwa kuwabembeleza, maana wapo waliosema damu inauzwa. Akirudi na sindano mara ya pili, watakimbilia porini. Isitoshe, vifaa vya kupimia vilikuwa vimekwisha.

Constantino alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Aliondoka na sanduku lake la spana begani bila kubishana tena. Lakini sokoni hakuachwa apumzike. Vijana walimwita "Choma-Mashine". Walimuuliza kama jeshini pia alichoma vifaru. Aliyekuwa akijivunia jambo moja tu duniani, yaani mkono wake wa fundi, aliondolewa jambo hilo hadharani, na hakuna aliyemtetea.

Betty alikuja kwa kina Mariam kurudisha kamba ya kuruka. Akaketi kwenye kizingiti.

"Tunaenda Zaire," alisema. "Huko Ingbokolo baba iko na ndugu yake. Iko na mashine ya kusaga unga. Baba itaendesha."

"Mtarudi lini?"

"Sijui. Baba anasema hapa watu wanamcheka." Betty alipangusa macho, si kwa kulia, bali kwa usingizi. "Mariam, yeye hakuharibu. Ananiambia kila siku, mimi sikuharibu. Hata chakula hali vizuri."

Maneno yalimjia Mariam mpaka kwenye ncha ya ulimi. Aliyaona kabisa, yalikuwa mafupi: mimi ndiye. Alifungua kinywa, akasema, "Kaa na kamba. Utaruka huko."

Betty alikuwa amekwisha kulala, kamba mapajani.

Siku zikapita. Mwanzoni Mariam alijiambia kwamba atasema kesho, kisha akaacha hata kujiambia. Jambo la kushangaza ni jinsi siri inavyozoeleka. Alikula, akacheza, akajibu maswali darasani. Ni dawati tu lililokuwa refu mno kwa mtu mmoja.

Kisha asubuhi moja Sista Viktoria akaja shuleni kuwafundisha watoto kuhusu malale. Alichora mbung'o ubaoni, akaeleza jinsi anavyouma na kuacha ugonjwa katika damu.

"Mwanzoni ni homa na kichwa kuuma," alisema. "Nyuma ya shingo unaweza kukuta vivimbe visivyouma. Baadaye ugonjwa unaingia kwenye ubongo. Mtu anasinzia mchana, usiku anakosa usingizi. Watu wanasema ni mvivu. Ukimwona mwenzako wa namna hiyo, usimcheke. Njoo uniambie, kwa sababu akichelewa, dawa yake ni kali sana na si wote wanaopona."

Mwalimu wa darasa alitazama pembe aliyokuwa akimsimamisha Betty, akageuza uso. Mariam alihisi vidole vyake vinakumbuka. Vivimbe vile vilikuwa hapa, chini ya ukucha wake, Jumapili ile ya kusuka nywele. Na Betty alitolewa damu likizoni, kwa bibi yake, Kuluba.

Hakungoja kengele. Alitoka darasani, akaenda moja kwa moja ofisini, akamkuta baba yake ameketi mbele ya meza isiyo na kazi.

"Baba, ni mimi niliyeunguza kompyuta."

Akamweleza swichi, na 115, na utambi wa taa, na kibanio cha nywele. Akamweleza jinsi alivyoirudisha. Alipomaliza alisubiri kofi. Halikuja.

"Kwa nini hukusema siku ile?" Lokule aliuliza.

"Niliogopa. Halafu wewe ukasema ni Mzee Constantino."

Baba yake aliitazama kompyuta iliyofunikwa shuka. Ilikuwa wazi kwamba neno hilo limemchoma. Kisha akasimama, akamshika mkono, wakaenda kumngoja Sista Viktoria mlangoni. Sista aliposhuka kwenye baiskeli, Mariam alisema yote mara ya pili. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Na karatasi, Sista," Lokule aliongeza, akiitazama ardhi, "hazikuchomwa. Nilikuwa nampa mke wangu za kufungia maandazi. Niliona kosa likienda kwa Constantino, hakuna atakayeuliza karatasi."

Sauti ya Sista Viktoria ilishuka mpaka ikawa ngumu kuisikia. "Huyu ni mtoto, Lokule. Wewe una ndevu."

Aliingia ndani, akaiwasha redio kwa betri yake, akamtafuta Severino. Alipomtajia swichi nyekundu, fundi alikatiza.

"Kwa nini hamkuniambia? Swichi ikiwa pale kwa 115, mashine inangoja moto nusu na inapata nzima; kinachopasuka kawaida ni kisanduku cha kupokea moto tu. Mahali pa maneno panaweza kuwa pazima. Leteni kesho. Leteni leo kama iko njia."

Waliondoka na msafara wa kwanza uliopatikana, juu ya lori la mahindi. Mariam alikwenda pia, kwa amri ya Sista, kwa kuwa fundi alitaka kusikia kutoka kwa aliyefanya. Kompyuta ilifungwa ndani ya blanketi, akaipakata mapajani njia nzima. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na kila lori liliporuka shimo aliikumbatia. Lokule aliketi mbele yake. Kola yake siku hiyo haikupigwa pasi.

Karakana ya Severino ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Arua, kimejaa redio na televisheni zilizotolewa matumbo. Yeye mwenyewe alikuwa kijana mnene mwenye haraka. Alifungua kompyuta, akatoa kisanduku cha nyuma, akakivunja kifuniko. Ndani kulikuwa na vitu kama vikopo vidogo vya bati vilivyopasuka vichwa, na weusi wa masizi.

"Huyu ndiye amekufa," alisema. "Kazi yake kupokea moto na kugawa. Sasa kompyuta inakataa kuwaka, watu wanafikiri kila kitu imekufa. Lakini mahali pa maneno ni huyu hapa, iko peke yake."

Akatoa kijisanduku cha chuma, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Akaeleza kwamba hakuna haja ya kuifufua mashine ya Koboko. Atakichomeka hicho ndani ya kompyuta yake mwenyewe, na kama ni kizima, kitasomeka hapo.

Akakichomeka, akawasha. Maandishi meupe yalipita kwenye kioo, kisha yakasimama. Kompyuta ikasema haioni kitu. Lokule alijishika kichwa.

"Subiri," alisema Severino. "Mashine mbili za kuweka maneno katika nyumba moja, kila mmoja anataka kuwa baba." Akazima, akachukua kibano, akahamisha kipande kidogo cha plastiki kutoka vijiti hivi kwenda vile, akawasha tena. Kijisanduku kikaanza kuvuma taratibu. Kioo kikangoja. Kisha, mstari kwa mstari, yakaja: Kuluba, familia kwa familia, jina na namba.

Hakuna aliyeshangilia. Lokule alifungua bahasha ya maabara, akaanza kusoma namba zenye mstari mwekundu, na Severino akazitafuta. Walikuwapo wazee, na mama mwenye mtoto mchanga, na kijana mmoja. Na kwenye ukurasa wa mwisho, Betty, binti wa Constantino.

"Ingekuja ile siku ya kwanza, ningefanya kazi hii hii," alisema Severino, akiwa anawatolea nakala kwenye disketi na kwenye karatasi. "Haingezidi saa ya kula. Mliniambia jenereta, mimi nikawaweka nyuma ya wengine."

Sista Viktoria aliwapata wagonjwa wa Kuluba wote ndani ya siku chache, isipokuwa mmoja. Constantino hakuwa tena Ingbokolo. Mashine ya ndugu yake ilikuwa imeharibika, naye alikuwa ameingia ndani zaidi ya Zaire kutafuta kazi, pamoja na binti yake. Ujumbe ulipitia kwa wachuuzi wa chumvi, kwa makatekista, kwa madereva. Mvua zilianza na kukatika kabla ujumbe haujamfikia. Alipotokea Koboko, alikuwa amembeba Betty mgongoni, na Betty alikuwa anacheka peke yake.

Alipelekwa kituo cha wagonjwa nje ya Arua, upande wa Manibe. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kwenye ubongo. Dawa yake ilichomwa katika mshipa, na wagonjwa walisema inapita mwilini kama pilipili. Mariam alipokwenda kumwona pamoja na baba yake, alimkuta Betty amekonda, mkono mmoja unatetemeka, ametulia baada ya sindano. Betty alimtazama kwa muda. Aliuliza, "Wewe ni nani?"

Constantino alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mariam akapiga magoti chini, akamwambia yote. Lokule alisimama nyuma yake, akasema, "Ndugu yangu, mimi pia nilikosa. Nilikutupia mzigo wangu. Sista anataka urudi kwenye jenereta."

Constantino alikuwa anamfunika binti yake shuka. Hakugeuka haraka.

"Mnaniambia hapa ndani, watu watatu," alisema. "Jina yangu haikuharibiwa ndani ya chumba. Iliharibiwa sokoni. Mkitaka kuirudisha, mtairudisha pale mlichukua."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku ya soko, Mariam alisimama mbele ya meza ya mama yake, mahali palepale watu walipokula maandazi, akasema kwa sauti kwamba Mzee Constantino hakuunguza mashine, kwamba aliyeiunguza ni yeye, na kwamba alinyamaza. Sauti ilimkatika mara mbili, akaanza upya. Baba yake alisimama kando yake akasema habari za karatasi. Wale vijana waliokuwa wakimwita Constantino jina la kejeli walijitia kutazama viatu vya mitumba. Mama alikuwa akilia bila kuficha uso.

Constantino alikuwapo, mikono kifuani. Watu walipotawanyika, alimwita Mariam pembeni.

"Sikiliza, mtoto," alisema. "Kugusa swichi si dhambi. Ulitaka kusaidia baba yako. Ile siku ungesema, mimi ningekasirika mpaka jioni, basi. Kosa ya mkono, watu wanasamehe. Lakini kila asubuhi uliamka ukachagua tena kunyamaza, na mimi nilikuwa natembea na mtoto yangu mgonjwa, kwa sababu ya hiyo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati kitu bado inaweza kutengenezwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

"Hata baba yako asikie," alisema, akaenda zake. Kwenye jenereta hakurudi. Alifungua kijiwe chake mwenyewe cha kutengeneza pampu na baiskeli, na watu walimpelekea kazi.

Ofisini, Sista Viktoria alinunua kabati la pili. Kila Ijumaa Lokule alinakili majina kwenye disketi, akazifungia kabatini, kisha akampa Sista ufunguo mkononi. Hakuna karatasi iliyotoka tena kwenda sokoni.

Betty alipona. Madaktari walisema ana bahati, na hakuna aliyeweza kusema kama wiki zile zilizopotea kwa kunyamaza zingemwokolea kitu. Mwaka uliofuata alirudi shuleni, mwembamba, mkono wa kulia bado unatetemeka, akarudishwa darasa la chini kwa sababu alikuwa amesahau hata jedwali la mbili. Alikwisha kumkumbuka Mariam, akamsalimu vizuri, kama mtu anavyomsalimu jirani. Wakati wa mapumziko Mariam alikwenda dirishani kwa wale wadogo, akamkuta Betty ameketi macho wazi kabisa, akijaribu kuandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Akaomba ruhusa kwa mwalimu, akaingia, akamshikia karatasi isiteleze.